Hii "that" ya baada ya me, you, it na everyone inatumikaje? Wageni wananichanganya huku Kigoma

Mapokezi_Mwanga (Kigoma)

Wakuu habari za mchana, poleni na majukumu. Mimi niko mapokezi kwenye gesti moja hapa Mwanga na wageni wetu wengi ni wanaokuja kwa ajili ya Gombe kuona sokwe, wengine wa mashirika wanapita kwenda Kasulu na Kibondo, kwahiyo kwenye simu ya ofisi meseji za Kiingereza haziishi. Kuongea sio shida, mgeni akifika tunaelewana vizuri tu mpaka anaondoka na migebuka yake kwenye boksi. Shida ni kuandika, hasa hii kitu inaitwa "that", naona kila mzungu anaichomeka sehemu na mimi kanuni yake siioni.

Mfano kuna mmoja kaandika hivi: "I take it that breakfast is included. Everyone that I asked told me that the boat to Gombe leaves from Kibirizi. I'd appreciate it if you could confirm." Bosi akaisoma hiyo "I take it" akasema huyu anataka chai ya kubeba, mfungieni. Mama wa jikoni akafunga chapati na mayai ya kuchemsha kwenye foili. Asubuhi mgeni anashuka, anakaa mezani anasubiri chai, analetewa mfuko. Alishangaa lakini alikula.

Sasa naomba kujua, hiyo "it" kwenye "I take it that" ni nini hasa maana hakuna kitu chochote kilichotajwa nyuma yake? Na kwanini inakuwa "told me that" lakini "said me that" hapana? Halafu bosi anataka nitengeneze meseji moja ya kumtumia kila mgeni anayebuku, iseme "We would like to inform that breakfast is included", mimi roho inakataa ila hoja sina, yeye hoja anayo, anasema barua zote za ofisini zinaandikwa hivo. Nisaidieni kwa Kiswahili cha kawaida, msinitajie majina makubwa ya sarufi nitakimbia. Nawasilisha.

---

Ticha_Isevya (Tabora)

Mwangaluka wana Kigoma. Mpe pole huyo mgeni, ila bosi wako nae usimcheke sana, "take" kila mtu anafundishwa ni kuchukua na hakuna anayeambiwa kuna "I take it that" ambayo maana yake ni "kwa ninavyoelewa mimi" au "nadhani niko sahihi kwamba". Mgeni alikuwa anauliza kwa adabu, chai imo kwenye bei au haimo.

Tuanze na hiyo "it". Umesema haina kitu nyuma yake na hapo hapo umejibu swali lako, kweli haina kitu. Umeshapanda treni ya kati wewe, unajua mtu anavyotupa kanga kwenye siti halafu anashuka kununua maembe, ile kanga haisafiri inashika nafasi tu mpaka mwenyewe arudi. "It" ndio kanga. Mwenye siti ni maneno yote yanayoanzia kwenye "that": "breakfast is included". Kiingereza hakipendi kubeba sentensi nzima na kuipachika katikati au mwanzoni, kinaona ni mzigo, kinapeleka mzigo mwisho na pale kinaacha "it". Ndio maana wanasema "It is good that you came" na sio "That you came is good". Hiyo ya pili sio kosa, ila ukiongea hivo mtaani utaonekana unasoma hotuba.

Na usidhani hii ni kituko cha wazungu peke yao. Sisi tunasema "Inaonekana watoto wamelala". Hiyo "i" ya "inaonekana" ni ya nani? Ingekuwa ya watoto ungesema "wanaonekana". Sio ya mtu, inashika nafasi tu, sawasawa na "It seems that the children are asleep". Tofauti ni kwamba kwetu ikiwa ni sifa tunaiacha, "ni vizuri umekuja", hakuna "i" wala nini, ndio maana wengi wanaandika "Is good that you came" na Kiingereza kinabaki hakina kichwa. Ukishaona "is" iko mwanzoni peke yake na sio swali, jua "it" imesahaulika.

Sasa lini unaweka "it" baada ya kitenzi na lini huweki. Vitenzi vya kawaida vya kuwaza na kujua haviitaki: "I know that", "I think that", "I hope that". Usiseme "I hope it that". Inaingia pale ambapo kati ya kitenzi na "that" kuna neno jingine limejipenyeza, mfano sifa: "I find it strange that nobody called", "He made it clear that he would not pay". Au kuna kihusishi: "Please see to it that the room is clean", maana yake hakikisha. Halafu kuna chache ambazo zimekaa hivo tangu zamani na unazimeza kama zilivyo, "I take it that" ni mojawapo, "I like it that you are honest" nyingine. Na ile ya mwisho ya mgeni wako, "I'd appreciate it if", hapo ni "if" badala ya "that" lakini "it" ni ile ile, watu wengi sana wanaandika "I would appreciate if you" na wanaiacha.

Ya "told me" nakuja nayo, nina kipindi sasa hivi.

---

Toa_that

Mnajisumbua bure wakuu. Mimi nimefanya kazi na wazungu miaka, hiyo "that" hawaitamki. Wanasema "I think you're right", "I know he's late", "she told me it's closed". Futa "that" zote kwenye meseji zako, maisha yaendelee, bosi mwambie hivo hivo.

---

Mwongozaji_Ujiji (Kigoma)

Toa_that upo sawa nusu, nitakuonyesha nusu nyingine kwa mfano wa nyumbani kabisa. Mimi nazungusha wageni hapa Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, na kila mgeni, KILA mgeni, lazima aseme yale maneno ya Stanley ya mwaka 1871, "Dr. Livingstone, I presume?" halafu anacheka peke yake. Kuna wanahistoria wanasema Stanley hakuyasema hata, kwamba aliyatunga baadae, ila hayo tuwaachie wenyewe.

Angalieni ile sentensi. Kwa kawaida ingekuwa "I presume that you are Dr. Livingstone". Sasa yeye kaanza na habari yenyewe, kaleta "I presume" mwisho, na ikishakaa mwisho "that" inakufa, hakuna namna. Huwezi kusema "Dr. Livingstone, that I presume". Na "I take it" ya mgeni wa Mwanga inaweza ikafanya hivo hivo: "Breakfast is included, I take it?" Hizi nazisikia kila siku, "You've been here before, I take it". Angeandika hivi bosi angefunga chapati mara mbili.

Kuhusu kutosikika ni kweli, ila mara nyingi ipo. Ile "that" ya kuunganisha wanaitamka kwa kuimeza, "thet" au "th't", haraka haraka. Ile nyingine ya kuonyesha kitu, ile, hiyo, ndio wanaitamka kwa mdomo wote. Zikikutana mbili unaisikia vizuri tofauti, "I know that that is true", ya kwanza inamezwa ya pili inakazwa. Mimi ilinisaidia sana masikioni, nikisikia imekazwa najua mgeni ananionyesha kitu ananyoosha na kidole.

---

Toa_that

Sasa si ndio unakubaliana na mimi? Ikimezwa ina faida gani kuiandika.

---

Ticha_Isevya (Tabora)

Nimerudi. Toa_that hebu fanya jaribio moja hapa hapa. Chukua "Everyone that came was tired", ifute "that" unabaki na "Everyone came was tired". Soma kwa sauti. Imevunjika au haijavunjika? Sasa chukua ya mgeni, "Everyone that I asked told me", futa, "Everyone I asked told me", imesimama vizuri kabisa. Kwanini? Kwasababu kwenye ya pili aliyefanya kazi, "I", bado yupo. Kwenye ya kwanza hiyo "that" ndio yenyewe inasimama badala ya mtendaji, ukiitoa "came" haina mwenyewe. Kwahiyo baada ya everyone, everything, something, nothing, all na wenzao, angalia neno linalofuata "that": likiwa ni mtu au kitu kinachofanya (I, you, the driver) unaweza kuitoa, likiwa ni kitenzi moja kwa moja usiiguse.

Na hapo hapo kuna ugonjwa wa kwetu sisi waswahili, naukuta kwenye madaftari tangu nimeanza kufundisha: "Everyone that I asked them", "everything that you ordered it", "the fish that I bought it". Hii haitokani na uzembe, inatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema "kila niliyemuuliza", ona hapo kuna "ye" na kuna "mu", yule mtu katajwa mara mbili ndani ya neno moja na ndio Kiswahili safi. Mtoto akihamia Kiingereza anahama na vyote viwili. Kiingereza kinataka kimoja, "that" ikishabeba, "them" inakaa nje.

Nyingine ni "all what". "All what you said is true", hapana. "All" inakwenda na "that" au inakaa tupu, "All that you said", "All you said". "What" peke yake tayari ina "kile ambacho" ndani yake, "What you said is true" inatosha. Methali ya kidhahabu mnaijua wote, "All that glitters is not gold", mkichanganyikiwa ikumbukeni hiyo.

Haya sasa "told me". Hii ndio rahisi kuliko zote na sijui kwanini hatufundishwi hivi. Tell ni kuambia, say ni kusema. Basi. Kwa Kiswahili unaweza kusema "aliambia kwamba boti imeondoka"? Huwezi, mdomo unakwama, lazima ataje aliyeambiwa, "aliniambia", "aliwaambia". Na unaweza kusema "alinisema kwamba boti imeondoka"? Ukisema alinisema sisi tunaelewa kakusengenya au kakugombeza. Kwa hiyo sheria tayari unayo kichwani: "He told me that the boat had left", "He said that the boat had left". Ukitaka kumtaja mtu kwenye "say" unaweka "to", "He said to me that".

Bosi wako sasa. "Inform" ni ndugu yake "tell", ni kujulisha, na kujulisha lazima umjulishe mtu. "We would like to inform YOU that". Ndugu wengine ni remind, assure, convince, notify, zote zinataka mtu kabla ya "that": "remind him that", "assure them that". Kuna promise na show zenyewe hazina makuu, "he promised that he would come" sawa, "he promised me that he would come" sawa.

---

Sekretari_Mkongwe (Tabora)

Shikamoo Mwalimu. Nami niongeze kidogo maana hizo barua za ofisini anazozitaja bosi ndio nimezichapa tangu enzi za taipu. Ni kweli "I would like to inform that" zipo, na zipo nyingi, zinatoka kwa watu wenye mihuri mikubwa kabisa, lakini kuwepo kwake kwenye faili hakuifanyi kuwa sawa mwanangu, faili linatunza chochote. Zilizonyooka ni "This is to inform you that", "Please be informed that", "I am writing to let you know that". Kwa mgeni wa gesti mimi ningetumia hiyo ya mwisho au nisitumie yoyote, "please be informed" inamfanya mtu adhani amepewa barua ya onyo. Ameuliza chai, mjibu chai.

Jingine, msiweke koma kabla ya hiyo "that". "He told me, that the room is ready" naikuta kila siku kwenye barua za vijana. Koma iondoke.

Na muwe macho na maneno haya: explain, suggest, mention, complain, admit. Hayo ndiyo yanayoangusha watu hata walioenda chuo.

---

Mapokezi_Mwanga (Kigoma)

Daah Mwalimu na Mama nawashukuru sana, hiyo ya kuambia na kusema imeingia kichwani moja kwa moja, nimemuonyesha bosi amekaa kimya halafu akaniuliza kama chai ya wageni wa namba 6 imeshapelekwa.

Shikamoo Mama. Hapo kwenye explain ndio umenigusa maana mimi naandika "The driver explained me that the road is bad". Kwa Kiswahili "alinieleza" ipo na ina "ni" ndani yake kama "aliniambia". Sasa kwa kanuni ya Mwalimu si ilitakiwa iwe sawa?

---

Sekretari_Mkongwe (Tabora)

Marahaba. Jibu ni "explained to me that". Sababu namwachia Mwalimu, mimi najua kuchapa tu.

---

Ticha_Isevya (Tabora)

Mama anajishusha, anajua vizuri.

Mapokezi swali lako ni zuri na hapa ndipo Kiswahili kinatuponza. Sisi tuna ile kauli ya kutendea, mtu yeyote unamwingiza ndani ya kitenzi bila kuweka neno jingine: alinilalamikia, alinipendekezea, alinisemea, alinielezea. Yule "ni" anaingia kila mlango. Kiingereza milango mingine kimeifunga na ukitaka kuingia unapita kwa "to": "complained to me that", "suggested to me that", "mentioned to me that", "admitted to me that", "explained to me that". Hapa sina kanuni ya kukupa zaidi ya kuyakariri hayo machache, ukijua hayo umemaliza sehemu kubwa ya matatizo. Njia ya kujipima ni kuigeuza ya kutendwa. "I was told that the road is bad", imekubali, maana tell inabeba mtu moja kwa moja. "I was explained that", imekataa, unalazimika kusema "It was explained to me that", na unaona "it" yetu ya kanga imerudi kushika siti.

Kuhusu "suggest" kuna utamu mwingine ambao wanafunzi wangu huwa wanabisha. "I suggest that she take the morning boat". Ndio, take, bila "s", ingawa ni "she". Watasema ticha umekosea. Hebu semeni kwa Kiswahili, "napendekeza apande boti ya asubuhi". Hatusemi "napendekeza anapanda". Ile ya aje, alipe, apande ndio hiyo hiyo wanayoifanya kwa kukiacha kitenzi kitupu baada ya suggest, recommend, request, insist. Waingereza wengi wanaweka "should" hapo, "that she should take", na wapo wanaosema "takes" na hakuna anayekamatwa, Wamarekani ndio wanaoing'ang'ania sana hiyo tupu.

Ila "want" msiipeleke huko. "Nataka ulipe" sio "I want that you pay", ni "I want you to pay". Want haipokei "that" kabisa kwenye Kiingereza cha kawaida.

---

Mwongozaji_Ujiji (Kigoma)

Mwalimu na ile ya kusisitiza vipi, "It was him that called". Nabishana na mwenzangu anasema lazima iwe "he who".

---

Ticha_Isevya (Tabora)

Mwenzako kasoma vitabu vya zamani. "It was he who called" ndio ya kitabuni, "It was him that called" au "It was him who called" ndio watu wanayoongea. Kwetu ni ile ya "ndiye", "yeye ndiye aliyepiga". Ukitaka kukazia mtu au kitu unakileta mbele na "it is", halafu "that": "It's you that I'm looking for", wewe ndiye ninayekutafuta, na tena ona Kiswahili kimesema "wewe" na "ku", Kiingereza hakirudii "you".

---

Mawese_Matupu (Kigoma)

Mimi nilikuwa nasoma kimya kimya naomba niulize. Kanisani nasikia sana "He that believeth", "he that hath ears". Nikamwandikia mteja wangu wa mawese wa Nairobi "He that paid yesterday will get his oil first" akanijibu na vikatuni vya kucheka. Kosa ni nini hapo?

---

Ticha_Isevya (Tabora)

Hahaha sio kosa, umemhubiria. Hicho ni Kiingereza cha ile Biblia ya King James ya 1611, wakati huo "he that" ilikuwa maneno ya kila siku. Siku hizi he, she, him, her hazibebi maelezo ya namna hiyo moja kwa moja. Mtu mmoja wanasema "the one that paid" au "whoever paid", wengi wanasema "those who paid" au "everyone who paid". "Those that" ipo pia lakini wanaipenda zaidi kwa vitu, "put the good tins here and those that leak over there". Kwa watu wakiandika wanapendelea "who", ndio maana mgeni wa Mapokezi na "everyone that I asked" yake yuko sawa ila mwingine angeandika "everyone I asked" au "everyone who" kama ni mtendaji. Zote zinapita. Kwa "everything" na "all" hapo hapana ushindani mkubwa, ni "that".

---

Toa_that

Mwalimu mimi nauliza kitu kimoja tu, kwenye "told me that" inatoka au haitoki?

---

Ticha_Isevya (Tabora)

Inatoka. "Everyone told me the boat leaves from Kibirizi", safi. Kwenye say, think, know, tell inatoka bila shida na kwenye maongezi ndio kawaida. Kwenye explain, suggest to me, complain, inform usiitoe, inakuwa na makengeza. Na "see to it that" pia iache. Na kama sentensi ni ndefu iache ili msomaji asipotee njia, mfano "He told me yesterday the boat was full", sasa jana ndio kaambiwa au jana ndio boti ilijaa? Weka "that" baada ya "me" au baada ya "yesterday" na kila mtu ataelewa unachotaka.

---

Mwongozaji_Ujiji (Kigoma)

Hiyo ya yesterday niliwahi kukaa Kibirizi nusu siku na wageni kwasababu yake. Haya.

---

Mapokezi_Mwanga (Kigoma)

Nimeandika hii ya kutuma kwa wageni wote, bosi kashaipitisha ila kasema nyie mwangalie kwanza:

"Thank you for choosing us. We are happy to let you know that breakfast is included. It is served from seven and please tell us if you want it packed. Everyone that takes the boat to Gombe should know that it leaves from Kibirizi and not from the main port. We suggest that you be there early. If the driver tells you that the price has changed, please call us."

---

Sekretari_Mkongwe (Tabora)

Nzuri sana mwanangu. "We suggest that you be there early" ni sahihi lakini itamshtua asiyeizoea, andika "We suggest that you get there early". "Everyone that takes" ifanye "Guests taking the boat". Na hakuna mahali umeandika namba ya simu, umewaambia "please call us" wapige wapi?

---

Mapokezi_Mwanga (Kigoma)

Namba naiweka mwisho Mama. Bosi anauliza kama "packed" itamfanya mgeni adhani chakula kimejaa.

---

Toa_that

Mwambie bosi asome meseji ya kwanza tena.